Nikupokee mzigo

Ijumaa, siku moja baada ya Kupaa

Kuanzia leo hadi mkesha wa Pentekoste ni siku tisa. Wengine wanasali novena, wengine wana wiki ya maombi, na kila mwaka swali lile lile hurudi kwenye vikundi: mtu anapokeaje karama ya Roho? Jibu linalotolewa haraka ni kusubiri. Wale wanafunzi mia na ishirini wa Yesu walikaa Yerusalemu wakangoja, basi nasi tungoje. Ikija imekuja, isipokuja haikuwa fungu letu.

Nimelitazama neno lenyewe, kupokea, na naona Kiswahili chetu kinalikataa jibu hilo. Mgeni akionekana njiani na kikapu kichwani, mwenyeji habaki mkekani akingoja aletewe. Anainuka, anavaa kandambili, anamwendea, ananyoosha mikono yote miwili: "Shikamoo mama, nikupokee." Anayepokea ndiye anayetembea, na uzito unahamia kwake. Kisha kikapu kinakwenda jikoni, kwa ajili ya nyumba nzima. Aliyekipokea akaenda kukificha uvunguni mwa kitanda chake, huyo tuna jina lingine la kumwita. Tena karama, karamu na ukarimu ni ndugu wa shina moja. Sikumbuki karamu inayoliwa na mtu mmoja.

Paulo naye anatumia vitenzi vya kazi. Wakorintho anawaambia watake sana karama za rohoni, na papo hapo anawaonyesha zinakokwenda: kulijenga kanisa. Timotheo anaambiwa aichochee karama iliyo ndani yake. Kuchochea ni neno la mafiga. Asubuhi unafukua majivu, unakuta kaa moja bado jekundu, unaliwekea vijiti vikavu, unainama unapuliza hadi macho yanatoa machozi. Moto haukutoka kwako, lakini usipoinama chai haichemki. Kwa hiyo kupokea kuna sehemu isiyo yetu kabisa, maana Roho humgawia kila mtu kama apendavyo yeye, na kuna sehemu ya kuinama na kupuliza.

Andiko ninalolirudia kuliko yote juu ya jambo hili ni Luka 11. Kila mtu anaukumbuka mwisho wake, kwamba Baba aliye mbinguni atawapa Roho Mtakatifu hao wamwombao. Wachache wanakumbuka ombi hilo linaanzia wapi. Linaanzia kwa mtu anayebisha hodi kwa jirani usiku wa manane kuomba mikate mitatu, na mikate si ya kula yeye: "rafiki yangu amefika kwangu, atoka safarini, nami sina kitu cha kuweka mbele yake." Ana mgeni mwenye njaa nyumbani, ana kabati tupu, na anajua nyumba yenye mkate. Mambo hayo matatu ndiyo yanayomtoa nje usiku. Mimi naamini karama nyingi hatuzioni kwa sababu tunabisha hodi bila mgeni. Tunaomba mikate ili tuwe watu wenye mikate.

Kwa hiyo ningeanza na watu kabla ya orodha. Orodha ni nzuri kuzijua: tisa za 1 Wakorintho 12, saba za Warumi 12, zile za Waefeso 4, na vipaji saba ambavyo wanaojiandaa kwa Kipaimara hujifunza kutoka Isaya 11. Lakini hazilingani, na hakuna iliyokusudiwa kumaliza hesabu. Paulo mwenyewe, kabla sura ile ya 12 haijaisha, ameshaongeza masaidiano na maongozi. Zile karatasi za maswali za kumtafutia mtu karama yake, zenye alama za kujumlisha, hupima zaidi mtu anapenda nini. Chukua daftari, andika majina matatu ya watu unaoweza kuwafikia kwa miguu au kwa simu, na mbele ya kila jina andika hitaji kwa maneno ya kawaida: kodi ya miezi miwili, mtoto aliyeacha shule, maumivu ya mgongo, ndoa. Dakika kumi na tano kila siku, ukiuliza swali moja: Bwana, huyu unataka kumpa nini, na mimi nimpelekee kipi? Halafu nyamaza dakika kadhaa. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu tumezoea kuyapima maombi kwa sauti. Linalokuja mara nyingi ni dogo: mpigie simu leo, mpe ile mbegu uliyoiweka, muulize habari za mama yake. Mtu asiyetii hilo dogo na bado anangoja maono sijui atayafanyia nini yakija.

Sasa maombezi yenyewe, maana hapa ndipo mambo huharibika. Chukua mama aliyekuja na mgongo. Mpe kiti akae, tena kiti chenye egemeo. Waombaji wawili au watatu wanatosha, na mmoja wao awe mwanamke. Kumi wakimzunguka hapumui. Muulize: "Mama, ungependa tukuombee nini?" Muulize hata kama unadhani unajua. Yesu alimwuliza Bartimayo kipofu, "Wataka nikufanyie nini?", ilhali upofu ulionekana wazi. Omba ruhusa ya kumwekea mkono, na mkono uwe begani. Mkono wa kwenye paji la uso unaosukuma nyuma kidogo kidogo humwangusha mtu kwa adabu yake tu, kwa sababu anaona haya kubaki wima wengine wakiwa wameanguka. Ni kumdhulumu, na unamnyima nafasi ya kujua Mungu amemfanyia nini. Ombeni kwa sauti ya mazungumzo, macho wazi mara kwa mara ili mwone kama analia, kama anatetemeka, kama amechoka. Baada ya dakika tano simameni mmuulize anajisikiaje. Akisema maumivu yako vile vile, pokeeni jibu hilo bila kumlaumu imani yake. Kumwambia mgonjwa kwamba hakuamini vya kutosha ni kumwongezea mzigo mtu uliyesema unampokea. Dakika ishirini zinatosha. Jumapili nyingine ipo.

Kuhusu mafuta, Yakobo anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee wakimpaka. Kwa Wakatoliki, Mpako wa Wagonjwa ni sakramenti na mhudumu wake ni padre au askofu. Kikundi cha walei kisitumie mafuta kwa namna itakayowafanya watu wadhani ni kitu kilekile. Kila kanisa lina utaratibu wake. Uulizeni kwanza, kabla chupa haijafunguliwa.

Ikitokea katikati ya maombi mmoja amepata neno au picha, tenganisha mambo matatu: ulichokiona, maana yake, na la kufanya. Kosa mara nyingi huingia kwenye la pili na la tatu. Kitabu cha Matendo kinatuonyesha vizuri kwa nabii Agabo. Sura ya 21 anachukua mshipi wa Paulo, anajifunga mikono na miguu, anasema mwenye mshipi huu atafungwa hivi Yerusalemu. Waliosikia wakaruka moja kwa moja hadi la kufanya: wakamsihi Paulo asiende. Paulo alilisikia neno lile lile, akaenda, na kufungwa kweli alifungwa. Neno lilikuwa sahihi, lakini ushauri walioushona juu yake ulikuwa wa hofu yao, hofu ya upendo.

Kwa hiyo lugha ya kutumia ni hii: "Mama, tulipokuwa tunaomba nimeona kama ndoo inayovuja. Sijui ina maana gani. Je, kuna kitu inakuambia?" Kisha funga mdomo. Akisema hapana, unasema sawa mama, tuliache. Akianza kulia na kueleza jinsi pesa zake zote zinavyokwenda kwa mwanawe mlevi, ile picha imefika ilikotumwa, na sasa kazi yako ni kusikiliza. Tofauti kati ya "nimeona kama" na "Bwana ameniambia" ni kubwa, kwa sababu sentensi ya pili inamfungia mwenzako mlango wa kupima. Naye ana haki ya kupima. Paulo aliamuru manabii waseme wawili au watatu na wengine wapambanue, akaongeza kwamba roho za manabii huwatii manabii. Asiyeweza kujizuia asisingizie Roho. Na kipimo cha maneno yenyewe kipo palepale 1 Wakorintho 14:3: kujenga, kufariji, kutia moyo. Yako maneno ambayo mwombaji mchanga asiyaguse kabisa: nani aolewe na nani, nani atakufa, mimba, na nani kamroga nani. Hilo la mwisho limevunja familia nyingi na kuhatarisha maisha ya bibi wasio na wa kuwatetea.

Kisha dawa. Hapa nasema kwa uchungu. Asiwepo mwombaji yeyote wa kumwambia mtu aache dawa za kufubaza virusi, insulini, dawa za presha au za kifafa. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita. Mgonjwa huanza kujisikia mzima mapema, na akiacha hapo kwa kuambiwa amepona, vimelea vilivyobaki vinaweza kurudi vikiwa sugu, na wa nyumbani mwake wanaambukizwa hao hao sugu. Yesu aliwaambia wakoma kumi waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Musa ndio waliokuwa wakimkagua mwenye ukoma. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Sema hivi: "Endelea na dawa, rudi kliniki siku yako, daktari akisema acha ndipo uache, nasi tutashangilia pamoja."

Kunena kwa lugha sitakawia nako. Paulo anauliza, wote wanena kwa lugha? na jibu la swali lake ni hapana. Kumrudisharudisha mtu kwenye silabi, "sema haraka, haraka zaidi", ni kumfundisha kuiga, na wengi waliofundishwa hivyo hubeba aibu ya siri kwa miaka wakijiona waongo. Ibadani, wawili au watatu kwa zamu, na mwenye kufasiri. Asipokuwepo, mtu aseme na Mungu kimya.

Fedha nazo ni fupi: "mmepata bure, toeni bure." Simoni wa Samaria alitaka kuinunua karama kwa pesa na Petro akamkemea vikali. Bahasha ya kumwona mwombaji ni pesa ya Simoni, hata ikiitwa mbegu.

Narudi kwa Agabo, maana ana habari nyingine ambayo haihubiriwi sana. Matendo 11 alitabiri njaa kubwa, nayo ikaja siku za Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia hawakufanya mkutano wa kumshangilia nabii. Walichanga, kila mtu kwa kadiri alivyofanikiwa, wakaupeleka msaada Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Tazama karama zilizokutana pale: mmoja alisema, wengi walikirimu, wengine walisimamia fedha hadi zikafika salama. Ukiwatoa wale wa kusimamia, unabii unabaki tangazo la njaa. Yule mama mhazini anayeandika kila shilingi kwenye daftari la jumuiya mwenyewe hudhani hana karama. Warumi 12 inamtaja: mwenye kusimamia kwa bidii, mwenye kurehemu kwa furaha. Hapo kwenye furaha nami hukaa kidogo, kwa sababu mgonjwa anayehudumiwa kwa kununa anajua.

Kwa siku hizi tisa, basi, majina matatu daftarini, na kila jina na siku zake tatu. Siku ya kwanza ya jina, maombi na kunyamaza. Ya pili, kumwendea au kumpigia, bila kutaja kwamba umeonyeshwa jambo. Muulize habari tu, usikilize. Ya tatu, kupeleka kile kilichoonekana wazi katika siku mbili hizo, hata kiwe kilo mbili za unga, saa moja ya kumshikia mtoto, au kwenda naye kliniki na kukaa kwenye foleni. Wiki moja baadaye rudi, uandike kando ya jina kilichotokea, pamoja na pale ulipokosea. Mkiwa kikundi, somaneni madaftari hayo na mchungaji, padre au mzee mnayemwamini, isipokuwa siri za watu; hizo ziishie kwako.

Jina la kwanza la leo ni la mjane anayedaiwa kodi. Ninyamaze sasa.