Insha ya mjadala: aya isiyo na "kwa nini" haina hoja

Karatasi ya insha ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, inampa mtahiniwa saa moja na dakika 45 za kuandika insha mbili, kila moja isipungue maneno 400 na ina alama 20. Ukigawa, insha moja inapata kama dakika 52. Kumi za kwanza zitenge kwa kupanga. Wanaozikwepa huanza na methali papo hapo, na wakifika ukurasa wa pili wameshaishiwa, wanarudia hoja ya kwanza kwa maneno mengine.

Tuchukue swali hili: "Marufuku ya mifuko ya plastiki nchini Kenya imeleta faida zaidi kuliko hasara. Jadili." Pigia mstari "zaidi" na "jadili". Jadili inadai pande zote mbili. Zaidi inadai upime, useme upande upi ni mzito na kwa nini. Anayeorodhesha faida tupu amejibu nusu ya swali, hata Kiswahili chake kiwe kitamu namna gani.

Gawa ukurasa kwa mstari katikati: kuunga huku, kupinga kule. Andika maneno mawili matatu tu kwa kila hoja: mifugo kumeza plastiki, mitaro kuziba, soko la vikapu, viwanda kufungwa, gharama kwa wachuuzi. Kisha futa pacha. "Mazingira safi" na "takataka kupungua" ni hoja moja. Tatu za kuunga na mbili za kupinga zinatosha: utangulizi maneno 50, kila hoja 65, hitimisho 50, jumla 425.

Alama nyingi hupotea ndani ya aya. Soma hii:

"Mifuko ya plastiki ilikuwa mibaya sana kwa mazingira. Ilitapakaa kila mahali. Mazingira ni uhai, kwa hivyo lazima tuyatunze."

Hapo pana kauli tu. Uliza "kwa nini?" au "kivipi?" na aya haina jibu. Sasa hii:

"Marufuku hii imewapunguzia wafugaji hasara. Mfuko uliobebewa chakula hubaki na harufu yake, kwa hivyo ng'ombe au mbuzi anayejitafutia malisho jalalani huumeza. Plastiki haisagiki tumboni. Hujikusanya hadi mnyama akashindwa kula, akakonda na hata kufa. Mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mfugaji alipunguziwa hatari moja ya kupoteza mali yake."

Kauli, sababu, namna jambo linavyotokea, kisha kurudi kwenye swali: faida ni ya nani. Tarehe inasaidia, lakini uzito umebebwa na ile sentensi ya tumbo la mnyama. Kwa hiyo usipokumbuka takwimu, usibuni. Eleza jambo linavyotokea hatua kwa hatua.

Upande wa kupinga wengi huuandika kwa kuudharau: "Wengine hudai kuna hasara, lakini si kweli." Hapo hujajadiliana na mtu. Uandike jinsi mchuuzi mwenyewe angeusema: mfuko aliokuwa akifungia mboga ulikuwa wa bei ya chini, mbadala wake ni ghali, na gharama hiyo inakula faida yake au inaongezwa kwenye bei. Likubali lililo kweli, kisha lipime: mfuko wa kitambaa hubebewa mara nyingi, ule wa plastiki aghalabu ulitupwa baada ya safari moja ya sokoni. Kukubali hivyo hakudhoofishi msimamo, kunamwonyesha msomaji kwamba umepima. Binafsi napendelea hoja za kupinga zitangulie, ili upande unaouunga ukaribiane na hitimisho.

Viunganishi navyo vina kazi. "Aidha" na "isitoshe" huongeza hoja ya upande uleule. Ukivuka upande wa pili, tumia "hata hivyo" au "kwa upande mwingine". Kuvuka kwa "aidha" kunamchanganya msomaji, hajui tena unatetea nini.

Hitimisho lisilete hoja mpya. Taja msimamo na sababu iliyoshinda.

Dakika tano za mwisho ni za upatanisho wa kisarufi. Pitia kila kitenzi na nomino yake: "mifuko zilipigwa marufuku" iwe "mifuko ilipigwa marufuku", na "hoja hii zinaonyesha" iwe "hoja hii inaonyesha".