Mtu wa chini

Jamani nimerudi. Mwezi wa tatu huu niko Bagamoyo, nyumbani kwa baba, Mtaa wa India, na kila siku nasema leo ntaandika alafu nakaa zangu barazani naangalia watu wanavyopita mpaka maghrib inaadhiniwa. Miaka 12 nilikuwa Ujerumani na mume wangu, wengi mnajua, na wengi mlisema nimerogwa, msomi wa Mlimani kuolewa na mcheza sarakasi. Leo nataka nimuandike huyo mcheza sarakasi.

Tulipanda daladala stendi ya Makumbusho, Dar, kama watu wengine, mabegi matano, mtoto kalala mapajani. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, nyumba zimejipanga kulia na kushoto mpaka nikawa natafuta mikorosho ya utotoni kwangu siioni. Baba watoto hakusema neno njia nzima. Tulivyofika stendi alishuka, akavua viatu, akasimama peku kwenye mchanga pale pale pembeni ya bodaboda, na mimi nikamuacha, kuna saa mtu huyu haongeleshwi.

Tulikutana 2008 kwenye Tamasha la Bagamoyo, pale chuoni. Kwa msiojua, Chuo cha Sanaa kilianza 1981, siku hizi jina lake TaSUBa lakini sisi huku bado tunasema chuoni tu. Baba alikuwa mhasibu mkuu kwenye shirika la umma, tunaishi Dar, dereva yupo, mpishi yupo, Bagamoyo tunakuja likizo kwenye nyumba ya babu, ile yenye mlango wa nakshi. Kwahiyo siku hiyo nilikuwa viti vya mbele na wageni rasmi, kila kiti na chupa yake ya maji.

Wakaingia vijana wa sarakasi, wakaruka samasoti, wakapita kwenye pete ya moto, alafu wakajenga piramidi, watu saba, yeye chini katikati. Mtoto wa juu kabisa, kama miaka kumi hivi, alivyonyoosha mikono ule mguu ukateleza. Nilichokiona mimi ni huyu kaka wa chini anageuza kifua, nusu hatua tu, mtoto akamwangukia kifuani akamdaka, na wale aliowabeba wakateremka mmoja mmoja kama vile ndo walivyopanga. Ngoma hazikusimama hata. Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo, lakini mi nilikuwa karibu, niliona shingo yake inavyotetemeka.

Baadae akapita mbele yetu, jasho linamdondoka, kifua kimechubuka, akasema, "Dada, hayo maji unakunywa?" Nikampa yangu, alafu nikachukua na ya mgeni wa pembeni yangu nikampa.

Alikuwa mtoto wa mvuvi wa Kaole, shule kaishia darasa la saba. Mi naongea kuanzia naamka, yeye mpaka umuulize. Mi naogopa hata kupanda ngazi ya kubadilisha balbu. Alinionyesha vitu ambavyo likizo zote zile sikuwahi kuviona, mfano kwa nini wanafanya mazoezi alfajiri maji yakiwa yamekupwa, kumbe ule mchanga uliotoka kufunikwa na maji ni mgumu, unakurudisha juu ukiruka, mchanga mkavu unameza miguu. Alinihadithia na mambo ambayo walimu wake walimpa, kwamba miaka ya 60 serikali ilipeleka vijana China kusomea sarakasi na hao ndo walirudi na hii kazi, kwahiyo akiwa chini ya piramidi anajiona amesimama juu ya watu wengine tena. Hapo alikuwa ameongea sana, kwa yeye.

Baba alipojua hakufoka. Bora angefoka. Aliniita sebuleni akasema, "Mwanangu, huyo si kufu yako. Mtu anayesimama kwa mikono, siku ya shida atasimama kwa nini? Huyo ni mtu wa chini." Sikumjibu, kwetu baba hajibiwi. Lakini lile neno nililibeba, kwa sababu kwenye sarakasi wanaitana hivyo hivyo, wa juu, wa kati, wa chini, na kila mtoto pale anataka kuwa wa juu, anaonekana, anapigiwa makofi, na wa chini hawampati kirahisi, wanamtafuta kwa miaka.

Tulioana 2011. Baba hakuja. Alimpa ami yangu uwakili aozeshe, akabaki Dar, na kuanzia hapo mume wangu hana jina, ni "yule". "Yule hajambo?" Basi.

Mwaka uliofata akapata mkataba wa sarakasi inayozunguka Ujerumani nikaenda nae. Wanaofikiri Ulaya ni maghorofa, mi nimeishi kwenye karavani, chumba kimoja na jiko, msimu ukianza tunahama mji hata kila wiki, hema linapanda hema linashuka. Kuna Desemba moja tuko Stuttgart kwa ajili ya maonyesho ya Krismasi, mpira wa maji umeganda kama fimbo, mi nalia nataka nyumbani, yeye katoka na birika la maji ya moto anaumwagia ule mpira taratibu, anarudi, anachemsha, anaenda tena, mpaka maji yakatoka nikaoga. Mi nilikuwa nashona mavazi yao na kuwaandikia barua na fomu, vidole hivi vilivyokuwa havijui hata kutunga uzi. 2020 corona ilivyoingia maonyesho yakafungwa, tukakwama kwenye kiwanja kimoja miezi, wakulima wa pale wakatuletea viazi, hilo sitasahau mpaka naingia kaburini. Alafu bega lake la kulia likaanza kuchoka. Daktari akasema asibebe watu tena. Tukarudi.

Sasa baba. Mama alishafariki, mzee alipata kiharusi, miguu haina nguvu, akahamia hapa Bagamoyo kwa dada yake. Nyumba yetu ina baraza refu na ngazi tano za mawe zimelika katikati, na toka apate kiharusi hajazishuka. Kaka zangu walileta kiti cha magurudumu, kipo kimeegemea ukuta. Vijana wa mtaani wamejitolea kumbeba akakataa, "mi si gunia". Mwaka na nusu mzee anaisikia bahari, hatua mia mbili hazifiki, haioni.

Mume wangu alimuangalia wiki nzima hakusema kitu. Siku ya nane, baada ya asri, akaenda akachuchumaa mbele ya kiti cha baba, mgongo kaugeuzia kwake. Akakaa hivyo hivyo. Shangazi akanikonyeza nisiseme kitu. Ilikuwa muda mrefu, nasikia feni inavyozunguka, alafu nikaona mkono wa baba, ule mlaini wa kalamu, unashika bega.

"Hapo panauma, baba. Shika huku." Akamuonyesha mfupa wa kushoto karibu na shingo. "Usinibane koo. Na usiangalie chini, ukiangalia chini utanivuta. Angalia mbele tu."

Ni maneno yale yale anayowaambia watoto wa juu, nimeyasikia miaka yote kwa Kiswahili na kwa Kijerumani chake kile cha kuungaunga.

Akainuka kwa magoti, sio kwa mgongo. Ngazi tano akazishuka upande upande, kisigino kwanza. Mi niko nyuma na kanzu ya baba nimeishika pindo isiburuze, machozi yananitoka sina mkono wa kufuta.

Akamkalisha kwenye ngalawa mbovu iliyopinduliwa. Maji yalikuwa yamekupwa, watoto wanajaribu piramidi yao, wanne chini, inajengeka inaanguka, inajengeka inaanguka. Baba akawatazama kimya, macho yale ya kukagua vitabu vya hesabu. Mara ya tatu akanyoosha kidole.

"Wa juu hana kosa. Yule wa kushoto pale chini anakunja goti."

Mume wangu akaangalia. "Kweli, mzee."

"Mwambie."

Akaenda akamwambia, akamuwekea miguu sawa kwa mikono yake. Ikasimama. Baba akahesabu kwa sauti mpaka kumi na moja.

Jana saa nane na nusu, asri bado kabisa, namkuta mzee keshavaa kofia, kanzu kapandisha magotini, anaangalia mlangoni, akaniuliza mume wako yuko wapi, na akamtaja kwa jina.