Jina Bila Cheo

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimeumbuka mbele za Mungu. Jumamosi tulikuwa mazishini, na kijana aliyeshika kipaza sauti aliponiita kutoa rambirambi, alinitaja jina tu. Hakusema "Daktari". Nikasema maneno mawili matatu, nikaketi, na pilau ilipoletwa haikupita kooni. Udaktari wenyewe nimeupata mwaka jana!

Usiku nikafungua Mathayo 23: "msiitwe Rabi... nanyi nyote ni ndugu." Nikamkumbuka marehemu Profesa John Mbiti, mwana wa Mulango, Kitui, kasisi wa Kianglikana aliyelala Oktoba 2019 huko Burgdorf, Uswisi. Alisoma hadi uzamivu Cambridge, akafundisha Makerere, na maneno yetu ya kila siku, "sasa" na "zamani", akayafikisha kwenye meza za wasomi wa dunia alipoeleza jinsi Mwafrika anavyouona wakati. (Waliompinga walikuwapo, na si kwa hoja nyepesi; hayo tuyaache.) Mtu huyohuyo pale Burgdorf alikuwa mchungaji wa usharika. Tena akiwa amevuka miaka 80 akatoa Agano Jipya kwa Kikamba, alilolitafsiri mwenyewe kutoka Kigiriki. Hebu fikirini uzee ule na kazi ile, mstari kwa mstari, ili bibi wa Kitui amsikie Yesu kwa lugha aliyonyonya kwa mamaye.

Aliwahi kuandika kisa cha msomi wa theolojia anayerudi kijijini na shahada zake na mizigo ya vitabu. Dada yake anaanguka, watu wanasema ni pepo, macho yote kwake. Naye anakimbilia kupekua kitabu cha Bultmann, msomi Mjerumani aliyeona habari za pepo katika Biblia kuwa ni visasili vya kale. Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka sana. Wiki hii sikucheka.

Sasa niseme nasi tunaokaa viti vya mbele. Mabango yetu yamejaa Nabii, Askofu Mkuu, Daktari. Tunanuniana kwa mpangilio wa majina kwenye ratiba ya harambee, na mgonjwa wetu wiki ya tatu hajaonwa na mtu. Bwana alijifunga kitambaa kiunoni, akainama kwenye miguu yenye vumbi. Wewe mpendwa, beseni umelishika lini? Mimi sikumbuki.

Yule kijana sikumpa hata mkono siku ile. Jana ndipo nikaambiwa kuwa marehemu alikuwa mjomba wake, aliyemlea. Namba yake ninayo. Nampigia leo tukitoka ibadani.