Daftari la kibandani: nilivyojifunza kuwinda nyimbo mpya nikiwa Newala

Nina kibanda cha kurushia nyimbo hapa Newala, karibu na stendi. Kompyuta ya mezani, sabufa nje ya mlango na benchi la wateja, basi. Ukija na flashi au memori kadi nakuwekea nyimbo kumi kwa buku. Najua mwenye wimbo haoni hata senti ya hiyo buku. Ni doa la kazi hii na sina cha kujitetea.

Zamani ilikuwa rahisi. Mteja anasema "niwekee mpya", namwekea. Mpya zilikuwa zile nilizokopi kwa jamaa yangu Mtwara mjini, naye kazipata kwa watu wa Dar. Wimbo ulikuwa unafika huku ushachuja kule, ila nani angejua?

Simu janja zilipozagaa, wateja wakaanza kuja na wimbo kichwani. "Bro, ule wa chalenji ya mabega." Upi? Kijana anashuka kwenye boda, anatikisa mabega mbele yangu, mimi nimemtolea macho. Anacheka, anaondoka. Msimu mmoja wa korosho, yaani Oktoba mpaka Desemba, wakati huku kwetu hela inaonekana, mimi nilishinda nacheza karata.

Ndipo nikanunua daftari. Kurasa za mbele nikazipa redio, za nyuma nikazipa simu.

Redio nilidhani naijua. Kumbe kusikiliza na kunasa ni vitu viwili. Mtangazaji anaongea juu ya ala mpaka msanii anapoanza kuimba, halafu anaukata kabla haujaisha na linaingia tangazo la sabuni. Jina kalitaja wakati unamrudishia mtu chenji, na redio haina kurudi nyuma. Mwanzoni nilikuwa naandika jina la msanii kama nilivyolisikia. Kazi bure, maana wasanii wetu kila mtu ana herufi zake: huyu kaweka Z, yule kaweka X, huwezi kubahatisha. Nikaacha majina, nikawa naandika mstari mmoja wa kiitikio na saa niliyousikia. Usiku, bando likiwa rahisi, nauandika ule mstari YouTube neno kwa neno. Mara nyingi unakuja.

Simu ilinisumbua zaidi. Nilifungua TikTok nikitegemea muziki, nikaletewa mpira, mapishi na watu wanaoanguka kwenye matope. Mdogo wangu ndiye aliyenistua: "Kaka, inakuletea unachokitazama." Kweli, ile kitu inapima unapokawia. Ukiitazama video ya pweza wa nazi mpaka mwisho, kesho utaletewa pweza watano. Nikafungua akaunti ya pili ya kazi tu. Humo kisicho muziki nakipitisha haraka hata kama kinachekesha, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Baada ya wiki hivi ikanyooka: singeli, amapiano, bongo fleva, mpaka nyimbo za Kireno za wenzetu ng'ambo ya Ruvuma.

Kuna jambo nililigundua kwenye benchi langu. Vijana wanaujua wimbo wa TikTok kwa sekunde kumi na tano tu. Nikiupiga mzima kwenye sabufa, kiitikio wanaimba hadi mama wa vitumbua anageuka. Ubeti wa pili ukianza, wote kimya. Wimbo wa redioni wanaujua mpaka mwisho, kwa sababu saluni na kwenye bajaji umepigwa wiki nzima bila wao kuuomba. Kwa hiyo wakiniambia redio ni ya wazee, nanyamaza tu.

Shida iliyobaki ilikuwa nyimbo zisizo na jina. Mtu kauchukua wimbo, kaupandisha kasi, kaubandika jina lake mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja aliyekuja kwenye mnada wa korosho alinionyesha Shazam. Unaisikilizisha wimbo, inakutajia. Baadaye nikasoma kwamba ilipoanza Uingereza mwaka 2002 ulikuwa unapiga namba 2580, unaelekeza simu kwenye spika, kisha unapokea meseji yenye jina. Sabufa yangu na Shazam vikawa ndugu. Lakini wimbo uliochezewa kasi unaipoteza, kwa sababu inalinganisha alama za sauti na zile ilizonazo, na kasi ikibadilika alama nazo zinahama.

Hilo nililijua siku alipokuja binti mmoja na kipande cha video. Sauti kama ya nguchiro, ngoma inakimbia.

"Kaka, nataka huu. Mpya huu, jana ndiyo umetoka."

Shazam kimya. Mara ya pili, kimya. Nikakirekodi kipande kwenye kompyuta, nikafungua programu ya kuhariri sauti, nikaanza kupunguza kasi kidogo kidogo. Kufika mahali fulani sauti ya nguchiro ikawa ya mwanamume mzima, na nyuma yake gitaa na tarumbeta.

Benchini alikuwepo mzee mmoja anayekuja kuchajisha simu. Akainua kichwa.

"Nnongo, hebu irudie hiyo."

Nikairudia. Akataja bendi, akamtaja mwimbaji, na mpiga gitaa juu. Alikuwa akiusikia Redio Tanzania Dar es Salaam, usiku, kwenye masafa ya kati, maana mchana huku mikwaruzo ilikuwa mingi. Alishawahi kutuma kadi ya salamu ili wapigiwe yeye na mchumba wake.

"Mkapigiwa?" binti akauliza.

"Salamu zilisomwa. Wimbo wakapiga mwingine."

Kwa majina yale niliupata ndani ya dakika mbili. Binti aliusikiliza wa asili mpaka ubeti wa pili, akatikisa kichwa.

"Niwekee wangu ule wa mbio. Na huu pia niwekee, lakini utangulie wa mbio."

Mzee naye akatoa mfukoni redio ndogo, zile zinazomeza memori kadi, akaniuliza kama wimbo ule unaweza kukaa humo. Kadi yenyewe hakuwa nayo. Nikachomoa ya kwangu.