Kidani cha "msokoto"

Mama mkubwa kauziwa kidani mnadani Msalato, shilingi elfu sitini. Kaambiwa kina "nguvu za msokoto" zinazotibu presha, na kwamba Einstein ndiye aliyezigundua. Mimi nasoma fizikia hapa Dodoma, roho iliniuma sana.

Msokoto, yaani kujisokota kwa nafasi na wakati vyenyewe, upo kwenye nadharia, kweli. Mwaka 1922 Mfaransa Élie Cartan aliuingiza katika nadharia ya mvutano ambayo Einstein aliikamilisha 1915. Nikamchorea mama uani kwa kijiti: mishale miwili mifupi inaanzia sehemu moja, kisha kila mmoja unasogezwa sambamba hadi kwenye ncha ya mwenzake. Kwa Einstein umbo hilo la pande nne, msambamba, linafunga. Penye msokoto, kona ya mwisho inabaki wazi! Kinachousababisha ni spini ya chembe kama elektroni, yaani tabia yake ya kuwa kama inajizungusha yenyewe. Wanafizikia Sciama na Kibble waliiendeleza hesabu hiyo ya Cartan mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndani yake msokoto hausafiri nje ya maada, kwa hiyo hauwezi kutoka kwenye kidani ukaingia mwilini. Athari zake zingehitaji msongamano unaozidi mbali hata ule wa nyota za nyutroni, yaani mabaki ya nyota yaliyoshindiliwa mno. Hapo ndipo ninapopapenda mno, maana huenda msokoto ungezuia ulimwengu kuanzia kwenye nukta isiyo na ukubwa. Hakuna kipimo kilichouona bado.

"Sasa mwanangu, kama haujaonekana, mnausomea nini?" Swali zuri hilo, lilitukalisha mpaka magharibi.

Kidani kakivua. Ila vidonge vya presha alishaviacha tangu akinunue, kwa hiyo kesho asubuhi nampeleka kupima.