Kompyuta yangu ya kioo imerudi ujana
Wenye kompyuta hizi ambazo mitambo yote imejazwa nyuma ya kioo, msikimbilie kununua nyingine. Yangu ilikuwa ikiwaka kwa kusuasua, unafungua kivinjari halafu unaketi kuisubiri. Nimetoa diski ya zamani ya kuzunguka nikaweka SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka, ina kasi zaidi), RAM nayo, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nikaipandisha kutoka GB 4 hadi 16. Sasa inawaka kabla sijakaa vizuri kitini.

RAM ni kazi ndogo. Mashine nyingi za aina hii hutumia zile fupi za laptopu, ila angalia kwanza kama ni DDR3 au DDR4 (vizazi viwili tofauti vya RAM), kwa sababu pengo lao la chini haliko sehemu moja na haziingiliani hata ulazimishe. Unaichomeka kimshazari, unailaza, vishikio vya pembeni vinabana: tak!

Kimbembe ni kukibandua kioo ili ufike ndani. Changu kimeshikwa na utepe wa gundi pande zote, nikapitisha kadi ya plastiki taratibu, na hata kilipoachia sikukivuta, maana nyuma kuna nyaya nyembamba ajabu. (Umeme chomoa mapema, pawasaplai ya ndani, kile kifaa kinacholisha mashine umeme, haina utani.)

Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, sijaigusa. Humo ndani joto hutoka kwa shida, ya nini kujitafutia balaa? Na kama yako ni iMac ya Apple ya mwaka 2021 yenye chipu ya M1, RAM imefungwa pamoja na chipu yenyewe, hakuna cha kuongeza.