Nguruwe Pori Hawajui Mpaka wa Shamba

Asubuhi ile nilifika shambani jua halijachomoza sawasawa, nikakuta matuta manne ya mihogo yamefukuliwa hadi chini, mizizi iliyotafunwa nusu imetapakaa kwenye matope, na alama za kwato zikielekea moja kwa moja kwenye kichaka kilicho kati ya shamba langu na la jirani. Mahindi nayo hayakusalimika, kwa sababu nguruwe pori huangusha mmea mzima, akauma hindi bichi mara mbili tatu, kisha akauacha na kwenda kuangusha mwingine. Kwa mtu anayelima ekari mbili hapa Rufiji, usiku mmoja wa namna hiyo unaweza kuondoka na chakula cha miezi.

Wazee wetu waliyajua mambo haya. Kabla ya watu kuhamishwa kutoka bondeni mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, familia nyingi ziliishi humo humo mashambani katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mtu aliyakwepa maji na papo hapo akaulinda mpunga wake. Tulipopelekwa kwenye vijiji vya juu, mashamba mengi yalibaki bondeni, na usiku yakawa mali ya wanyama. Tena wengi wetu hapa ni Waislamu, nyama ya nguruwe hatuli, kwa hiyo hakuna anayemwinda kwa ajili ya kitoweo.

Anayedhani kwamba hii ni habari ya hasara ya mazao peke yake anakosea. Watafiti waliochunguza mashambulizi ya simba nchini Tanzania waliandika mwaka 2005 kwamba tangu 1990 watu zaidi ya 560 walikuwa wameuawa na zaidi ya 300 kujeruhiwa, na kwamba mashambulizi yalikuwa mengi zaidi palipo na nguruwe pori wengi. Simba humfuata nguruwe hadi shambani, na huko humkuta mkulima amelala kwenye kibanda hafifu, akilinda mazao dhidi ya nguruwe yule yule. Rufiji yetu iliumia sana katika miaka hiyo, na hadi leo mama yangu hapendi nitoke usiku bila tochi na mtu wa pili.

Lililonifanya niandike, hata hivyo, lilitokea nyumbani. Mama aliniita uani, akasema, "Mwanangu, njoo uone kuku wamekuwaje." Saba walikuwa wamelala chini ya mwembe, shingo zimepinda, na mbwa wa nyumba ya pili alikuwa akitoa povu kando ya njia. Alikufa kabla ya adhuhuri. Nilijua sumu imetoka wapi, nikaenda kwa mzee tunayepakana naye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Najua ulilojia." Alikiri kwamba alichanganya dawa ya wadudu na pumba akaimwaga mpakani. "Nimechoka. Mpunga wangu wote wameumaliza."

Nilikuwa nimekwenda na hasira, lakini nilishindwa kuitoa, maana msimu uliopita mimi ndiye niliyezungushia shamba langu uzio wa fito na kushukuru kwamba nguruwe wamekoma. Hawakuwa wamekoma, walihamia kwake. Mimi niliyalinda mazao yangu kwa kuwasukumia wanyama jirani, na yeye akayalinda yake kwa sumu iliyowaua kuku wa mama yangu. Sumu hiyo ingeweza kumfikia mtoto anayeokota maembe, na mzoga wa mnyama aliyeila unaweza kumwua anayeula, fisi na tai kwa pamoja. Nyaya za kutegea nazo nazipinga kwa sababu iyo hiyo, kwa kuwa humnasa mbuzi wa jirani sawasawa na nguruwe, mbali ya kuwa kuwinda bila kibali ni kosa kisheria.

Tulikwenda pamoja kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee akiwa mbele, na kaya tisa zinazopakana tukakubaliana kuyahesabu mashamba yetu kuwa shamba moja. Tulifyeka vichaka vyote vya mipakani, kwa sababu nguruwe hulala humo mchana na hapendi kuvuka mahali peupe, kisha tukachimba handaki la kina cha kiuno upande wa pori, kuta zake zikiwa wima. Kazi hiyo ilituchukua majuma matatu, na kusema kweli mara mbili nusura tugombane kuhusu nani achimbe penye mizizi ya mkorosho. Mistari ya nje tumepanda ufuta, nao mpaka sasa hawajaugusa. Madungu matatu yamejengwa kwa nguzo nene na ngazi inayopandishwa juu, na hakuna anayekesha peke yake.

Juzi ilikuwa zamu yangu na mzee. Yapata saa nane usiku tuliwasikia wakikoroma ng'ambo ya handaki, mzee akapiga debe mara tatu, na madungu mengine mawili yakaitikia. Kulipokucha tulikuta nyayo zao zimeishia ukingoni, isipokuwa upande wa kijito, ambako udongo ni wa kichanga na ukuta umebomoka kwa hatua kama sita. Jumamosi tutakwenda kuuchimba upya.